Mita Moja na Robo

Jumapili usiku, umeme umerudi,
Aikande amefungua daftari,
lile la Ndeshi la darasa la tano lililobaki kurasa.
Juu ameandika SAFARI, akapiga mistari miwili chini yake
kama mwalimu, kama mtu ambaye hatafuta.

Tiketi nne, KIA hadi Dubai.
Pasipoti nne. Viza nne. Chumba kimoja:
"Watoto watalala mzungu wa nne, kama kwa bibi yao Uru."
Kiingilio cha bustani ya mabembea, siku moja tu.
Siku mbili, anasema, ni za watu wasiodaiwa ada.
Chakula cha nje marufuku, kibao kimesema.
"Kibao hakijui kiburu changu," anasema, na haandiki kitu.

Mimi namenya viazi. Mkono umezoea.
Ni msaidizi wa mpishi mlimani, mwaka wa kumi na moja huu
napika supu ya maboga kwenye mita elfu nne
kwa watu waliolipa bei ya ng'ombe watatu
waje waumwe kichwa.
Nawaona wanatapika, wanalia, wanapiga picha,
wakishuka wanatuachia bakshishi na soksi.
Siku moja nilimuuliza mmoja: kwenu hakuna vilima?
Akasema vipo.
Akaendelea kupuliza supu.

Basi na mimi nimetamani. Kwa nini nisitamani?
Nilipe nauli nikazungushwe kichwa chini miguu juu
na mashine isiyo na kazi nyingine duniani,
nishuke nikipepesuka, niombe maji,
niseme: tena.

Lakini hesabu ina meno.
Tiketi hushuka bei mwezi wa saba, kule jua linapoyeyusha lami;
mwezi wa saba mimi niko kambini, nakoroga uji wa wageni.
Mwezi wa tano mlima hauna mtu, mvua tupu,
nina nafasi tele, kopo la bakshishi linalia kama njuga,
na watoto wana mitihani.
"Desemba," nasema.
Aikande ananitazama
kana kwamba nimeomba tununue ndege yenyewe.

Kisha Ndeshi, simu mkononi, anasoma kwa sauti:
mtoto asiyefika mita moja na robo, nusu bei.
Mama yake anapiga kigelegele kidogo, cha nyumba za kupanga.
Anaandika: Ombeni, nusu.
Ndeshi anaendelea kusoma, sasa polepole:
mtoto asiyefika mita moja na robo
haruhusiwi kupanda treni ya joka.

Treni ya joka ndiyo safari yenyewe.
Ndiyo aliyoichora ukutani kwa mkaa mpaka mwenye nyumba akaja juu.

Ombeni haongei. Anakwenda kwenye fremu ya mlango wa jikoni
tunapompimia kila Krismasi,
anabana visigino, anavuta shingo.
Mita moja na sentimita kumi na tisa.
Anageuka:
"Baba, nirefuke au nisirefuke?"

Nimekosa jibu. Kiazi kimeniponyoka.

Aikande amekwisha kugawa, kujumlisha, kugawa tena.
Kwa mwendo huu wa kopo: miaka miwili na miezi minne.
Wakati huo Ombeni atakuwa amelipita joka kwa mbali
na Ndeshi atakuwa na kumi na tano.
"Mimi nitawashikia mikoba," anasema Ndeshi, uso kwenye simu,
kwa sauti ya mtu mzima ambayo jana hakuwa nayo.

Usiku, wakiwa wamelala, nimechukua mkaa.
Upande wa pili wa fremu nimepiga alama ya kopo,
chini kabisa, karibu na kizingiti.
Alama mbili zinatazamana.
Moja inakua bila kuombwa.

Jumanne napanda na kundi la watu tisa.
Nimefunga kamba za buti, mtoto amesimama mlangoni, bado usingizi.
Kula, nikamwambia. Kula, mwanangu, vuta shingo.
Bei nzima tutaitafuta.

Nyuma yangu nasikia kifutio:
Aikande anaifuta ile nusu.